Sungura Mdogo Anataka Nyasi, Si Pumba

Mahindi yakishavunwa na mashine zikaanza kunguruma, kuanzia Sumbawanga mjini hadi vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa, pumba hazikosekani nyumbani. Kuku wanapewa, nguruwe wanapewa, na yule sungura mdogo aliyenunuliwa kwa ajili ya watoto naye hujaziwa chombo chake. Anazifakamia, na watoto wanafurahi kumwona akila. Siku ya pili au ya tatu amejikunyata kwenye kona ya kizimba, mgongo umepinda, macho nusu yamefumba, anasaga meno, tumbo limejaa na manyoya ya nyuma yamelowa kinyesi. Kukicha amekufa. Watu wazima husema alipigwa na baridi, au kwamba wanyama hawa ni dhaifu kwa asili, na mwenye nyumba huapa hatanunua mwingine.

Mara nyingi kilichomuua ni zile pumba.

Ilemba, mojawapo ya vijiji hivyo, iko bondeni, chini ya mteremko wa safu za Lyamba lya Mfipa, kwenye mahindi, mpunga, ufuta na karanga. Juu kwenye uwanda wa Ufipa kuna mahindi, maharage, ulezi, ngano na alizeti. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi hii kwa mahindi. Kwa mtu ni neema, lakini mnyama aliyeumbwa kuishi kwa nyasi akiletwa kwenye nchi ya nafaka yuko hatarini, hasa akiwa bado na umri wa wiki chache tu. Hatari hiyo inaepukika bila gharama yoyote.

Tuanze na tumbo lenyewe. Sungura hacheui kama mbuzi. Chakula hupita kwanza kwenye tumbo, kisha utumbo mwembamba, ndipo kifike kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Mfuko huo hubeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia yake ya chakula, na ndani yake wamo bakteria wasiohesabika wanaovunjavunja majani. Mkulima wa Ufipa hahitaji maelezo marefu hapa, maana ntumba ndivyo inavyofanya kazi: nyasi hufukiwa ndani ya tuta la mviringo mvua zikielekea ukingoni, zikaoza taratibu, na msimu unaofuata tuta hutawanywa, ulezi ukapata rutuba yake. Ndani ya sungura uozo huo huo wenye faida hukamilika kwa saa chache, na unaendelea usiku na mchana. Ukisimama, sungura ameisha.

Utumbo wake una ustadi mmoja wa ajabu. Nyuzi ndefu za majani husukumwa moja kwa moja hadi nje, zikatoka kama vile vigoroli vikavu tunavyovifagia kila asubuhi. Kifikiche kimoja kwenye vidole na utaona ndani ni vipande vya nyasi vitupu. Chembe ndogo na majimaji hurudishwa nyuma, ndani ya ule mfuko, zichachuliwe. Kisha, kwa kawaida usiku au alfajiri, hutoka kinyesi cha aina ya pili: vishada vidogo laini, vyeusi, vinavyong'aa kwa utando na vyenye harufu kali. Hivi huvioni kizimbani, kwa kuwa sungura huinamisha kichwa na kuvipokea kwa mdomo palepale vinapotoka, akavimeza. Daktari wa mifugo Mfaransa, Morot, alilieleza jambo hili mwaka 1882. Ndani ya vishada hivyo mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria, kwa hiyo mtoto asimpige sungura akimwona anakula kinyesi, wala asimwite mchafu. Ukivikuta vimesambaa sakafuni au vimeganda manyoyani, ndipo uwe na wasiwasi. Maana yake sungura amepewa vyakula vinono kupita kiasi, au ana maumivu yanayomzuia kujikunja.

Sasa rudi kwenye zile pumba. Zinazotoka kwenye mashine ya kukoboa huwa na maganda, viini na mabaki mengi ya wanga. Sungura mzima huyeyusha sehemu kubwa ya wanga kwenye utumbo mwembamba. Mdogo hawezi, kwa kuwa vimeng'enya vyake bado havijakomaa. Wanga unampita hadi kwenye ule mfuko, na kule bakteria wa jamii ya klostridia wanaukuta kama karamu. Wanazaliana haraka na kutoa sumu inayochubua utando wa utumbo. Gesi inajaa, maji yanavutwa kuingia utumboni, kuhara kunaanza. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia hakina pa kutokea ila nyuma, na utumbo uliokosa nyuzi za kuusukuma unaanza kulegea. Mtoto wa sungura anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mkate, maandazi, kiporo cha ugali au wali, ndizi mbivu na biskuti humharibu kwa njia hiyohiyo. Hata karoti, ambayo picha za vitabu vya watoto zimetuaminisha kuwa ndiyo chakula chake, ina sukari nyingi na inafaa kuwa kipande kidogo mara mojamoja.

Umri una uzito mkubwa katika habari hii. Kitoto cha sungura huzaliwa uchi na kipofu, na mama humnyonyesha kwa dakika chache tu, kwa kawaida mara moja kwa siku. Maziwa hayo ni mazito na yana mafuta yanayozuia vijidudu, nayo ndiyo kinga yake, kwa kuwa asidi ya tumbo lake bado ni hafifu ikilinganishwa na ile ya mzazi inayoua bakteria wengi. Mama humwachia pia urithi mwingine. Siku za mwanzo huangusha vigoroli vichache vya kinyesi chake ndani ya kiota, na watoto huvitafuna. Watafiti wa Ufaransa wameonyesha kwamba kwa njia hiyo watoto hupata bakteria wema wa mama yao. Mtoto akiondolewa mapema, maziwa yanakatika kabla asidi haijakolea na kabla bakteria hao hawajaota mizizi. Ndiyo maana kipindi cha kuachishwa kunyonya ndicho chenye makaburi mengi. Maziwa ya ng'ombe hayazibi pengo hilo, humharisha zaidi.

Ufaransa yenyewe ililipa ada ya somo hili. Kati ya mwishoni mwa 1996 na mwaka 1997 ugonjwa mpya wa utumbo ulizuka kwenye mashamba yao ya sungura na kuua wengi waliokuwa ndiyo kwanza wameachishwa, kisha ukaenea nchi nyingine za Ulaya. Watafiti wa Toulouse, akiwemo Thierry Gidenne, walijaribu kuwapunguzia sungura hao chakula cha viwandani kwa takriban robo katika wiki za mwanzo baada ya kuachishwa, na waliougua na kufa wakapungua. Walionyesha pia umuhimu wa kuongeza nyuzi kwenye chakula cha wadogo. Wale ni wafugaji wenye maabara na viwanda vya chakula, na hitimisho lao halitofautiani na ambalo mfugaji wa Ilemba anaweza kulifuata leo hii: mdogo apunguziwe vyakula vya nguvu, aongezewe majani makavu.

Anayekwenda kununua asikubali kitoto cha wiki nne, hata kiwe kizuri vipi. Wiki nane ni salama zaidi. Amuulize muuzaji amekuwa akimlisha nini, na aombe fungu la chakula hicho aondoke nalo, akibadilishe polepole kwa siku saba hadi kumi. Kwa anayemteremsha kutoka Sumbawanga hadi bondeni kuna jambo la ziada. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na bonde liko karibu mita 1,000 chini yake. Mnyama mwenye koti la manyoya na asiyetoa jasho anatoka kwenye ubaridi na kuingia kwenye joto ndani ya saa chache, akiwa boksini, juu ya bodaboda, bila kuona maji. Joto likivuka nyuzi 30 sungura hupunguza kula, na mwendo wa utumbo wake hupungua. Asafirishwe alfajiri, kwenye boksi lenye matundu na nyasi kavu ndani. Akifika, siku mbili tatu za kwanza apewe nyasi hizo na maji, na kidogo tu cha chakula alichozoea, chini ya mti au kwenye kibaraza chenye upepo, na watoto wajizuie kumshikashika.

Nyasi kavu ziwe mbele yake saa 24. Hizo ndizo chakula, na vingine vyote ni kitoweo. Zinasukuma utumbo, zinawalisha bakteria polepole, na zinasugua meno, ambayo kwa sungura hayakomi kukua. Ya mbele huongezeka milimita 2 hivi kila wiki. Tatizo la Rukwa ni kiangazi. Mvua zikikatika nyasi hukomaa zikawa vijiti, na baada ya hapo moto hupita. Kwa hiyo zikatwe mapema, mwezi Aprili au Mei, zikiwa ndiyo kwanza zinachanua. Zianikwe siku mbili au tatu huku zikigeuzwa, zifungwe kwa kamba na kupangwa darini au chini ya paa pasipovuja. Zikiwa nzuri hubaki na ukijani na harufu tamu. Zenye ukungu zitupwe bila huruma. Majani ya karanga yaliyokaushwa vizuri baada ya mavuno yanafaa sana kuchanganywa nazo. Mabua ya mpunga yanasaidia pale ambapo hakuna kingine, lakini lishe yake ni duni, na matumizi yake bora ni kutandika.

Majani mabichi yaje baadaye, kidogo kidogo, aina moja kwa wakati: matembele, mchunga, kishona nguo, mabingobingo machanga. Yachumwe umande ukishakauka, yanyaushwe kivulini, yasirundikwe hadi yakapata joto. Kabichi hujaza gesi, mdogo asipewe. Majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya muhogo mabichi na ya mparachichi yana sumu, na lusina ikizidi humdhuru. Halafu kuna dawa za viwavijeshi na za kuua magugu, ambazo siku hizi hupulizwa kwenye mashamba mengi ya mahindi. Usichume kando ya shamba usilojua limepuliziwa lini.

Pumba sizikatazi kabisa kwa sungura mzima. Kijiko kimoja cha chakula kwa siku, zikiwa kavu na safi, hakitamdhuru. Lakini pumba zilizolowa na kuota ukungu ni sumu ya pili juu ya ule wanga. Sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, humuua sungura kwa kiwango kidogo kuliko kinachowaua wanyama wengi wa kufugwa.

Maji yasikatike. Sungura hunywa mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na bondeni huzidi hapo. Chombo kizito cha udongo hakipinduki na hupoza maji.

Kuhara kwa mdogo si lazima kuwe kwa chakula. Masika huleta vimelea vya koksidia, ndugu wa wale wanaowaharisha kuku damu. Mayai yao hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana uwezo wa kuambukiza, yakahitaji unyevu, hewa na siku kadhaa ili yakomae. Mwanya huo wa siku ndiyo nafasi yako. Kizimba kikiinuliwa na kuwa na sakafu yenye matundu, kinyesi kikafagiliwa kila siku na nyasi zikawekwa kwenye kichanja badala ya chini, mzunguko wa ugonjwa unakatika. Dawa za jamii ya salfa na amproliamu zinazouzwa kwa ajili ya kuku hutumika pia kwa sungura, ila kipimo kitoke kwa afisa mifugo baada ya kujua uzito.

Kuna dawa ambazo nyumba nyingi huwa nazo na ambazo sungura asipewe kamwe. Amoksilini, ampisilini na penisilini za kumeza huua bakteria wema wa ule mfuko na kuwaachia uwanja klostridia. Kidonge kilichobaki cha mtoto, kikipondwa kwa nia njema, humaliza kazi ambayo pumba ziliianza.

Sungura mdogo aliyekaa nusu siku bila kula, au asiyetoa kinyesi, ni mgonjwa wa dharura, tofauti na mbwa anayeweza kulala njaa akapona. Ondoa pumba na majani mabichi, acha nyasi kavu na maji. Kama anahara, mfute, mkaushe, mweke pakavu penye uvuguvugu, maana uwanda wa Ufipa mwezi Juni na Julai una baridi kweli. Mnyweshe maji safi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache pembeni mwa mdomo, akimeza ndipo uongeze. Tumbo likiwa limevimba na kukaza usimlazimishe kitu, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata saa hiyohiyo.

Chukua na kinyesi chake cha siku hiyo, kwenye kichupa kikavu chenye mfuniko, kisikae juani. Kwa hadubini, mayai ya koksidia huonekana kwa dakika chache, na hapo ndipo hujulikana kama anahitaji dawa au kubadilishiwa chakula tu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Sumbawanga. Aliyekufa naye apelekwe kama kuna wenzake kizimbani, mapema kabla hajaharibika, amefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa pa baridi, pamoja na konzi ya kile alichokuwa akilishwa.