Figo: Nani Anastahili Kupewa?

Tangu Novemba 2017 figo zinapandikizwa hapa nchini: kwanza Muhimbili, kisha mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mtoaji ni mtu aliye hai, kwa kawaida ndugu. Madaktari hupima damu na afya ya wote wawili. Lakini familia ya Kayanga au Isingiro hujiuliza: nauli na fedha tutatoa wapi?

Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mgonjwa achaguliwe kwa vigezo vya kitabibu, si kwa umri, jinsia, rangi, dini wala cheo. Basi mwenye kishamba cha migomba asipimwe kwa mfuko wake.

Nasi nyumbani tusimlazimishe ndugu. Figo ni zawadi, zawadi haidaiwi. Aliyekataa tusimsengenye.