Unaacha kazi kwenye kibanda cha uwakala? Maliza habari ya namba ya siri kwanza

Ndugu yangu unayekaa kwenye kibanda cha mtu pale Kwashemshi, unatoa na kuweka hela za watu kwenye simu, na sasa unataka kuacha ufungue cha kwako: usiondoke kimyakimya. Hela ikipungua wiki mbili baadaye na namba ya siri bado ni ile unayoijua, jina la kwanza kutajwa ni lako.

Andika barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe. Wa mshahara wa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza ni siku 28. Wa kutwa au wiki, siku 4. Baki na nakala.

Siku ya kukabidhi ndiyo yenyewe. Hesabuni pamoja kashi na floti, mwandike kwenye daftari, msaini wote, shahidi awepo. Meseji za miamala usifute kabla ya hapo. Halafu bosi abadilishe namba ya siri palepale, wewe umegeukia pembeni. Akisema atabadilisha kesho, mwambie kwa heshima: "Bosi, naomba tumalize sasa hivi, nisije nikalala na siri yako."

Picha za vitambulisho vya wateja kwenye simu yako? Futa. Kuhama nazo ni kuchezea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Na udai cheti cha utumishi na hela ya siku ulizofanya. Ni haki yako, hata kama mmeachana kwa kununiana.