Oili kwenye kompresa ya AC: kabla hujalipa, jua imetoka wapi

Kila inapofika Novemba, gereji ninayofanyia kazi hapa Kilimani, kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Ngong, huanza kujaa magari yanayojitayarisha kuteremka Pwani. Wenyewe wengi ni watu wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, wanaofanya kazi Nairobi na wanataka kwenda kupumzika nyumbani. Lalamiko lao ni moja: AC haipozi. Na wengi huja washaambiwa mahali pengine kwamba kompresa imekufa, kwa sababu imelowa oili.

Mimi ni fundi wa AC za magari, na maneno hayo nimeyasikia mno. Oili iliyo juu ya kompresa yaweza kuwa imetoka ndani ya kompresa yenyewe. Yaweza pia kuwa oili ya injini, au ya usukani, iliyodondokea hapo tu. Katika magari mengi kompresa imefungwa chini, ubavuni mwa injini, inazungushwa na mkanda. Juu yake kuna gasketi ya tapeti kava, kuna swichi ya presha ya oili, na katika magari ya zamani kidogo kuna pampu ya usukani na mipira yake. Chochote kinachovuja huko juu hushuka, upepo wa feni hukisambaza, na kompresa iliyo chini ndiyo hubebeshwa lawama.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Likoni, kijana wake anaishi karibu na Yaya. Alikuwa na karatasi ya gereji nyingine: kompresa mpya na kazi, shilingi 45,000.

"Mwanangu, nimeambiwa hii haifai tena. Nitoe pesa?"

"Mama, subiri kwanza tuioshe," nikamwambia.

Tukaosha injini kuanzia juu, tukakausha kwa hewa ya kompresa ya gereji, nikampa kijana wake gari alizungushe siku mbili kama kawaida. Liliporudi, tapeti kava ilikuwa na mstari mpya wa oili nyeusi unaoteremka hadi kwenye bracketi ya kompresa. Kompresa yenyewe ilikuwa kavu kote ambako mstari haukugusa. Gasketi ikabadilishwa. AC ilikuwa na tatizo lake lingine, oringi ya mpira mmoja karibu na kondensa, kitu cha bei ya chai na mahamri.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji mashine. Osha, kausha, endesha, kisha tazama tena kwa tochi. Fundi anayekataa kuosha na anataka kuuza kompresa siku hiyo hiyo, mimi humtilia shaka.

Baada ya hapo, pangusa kwa karatasi nyeupe. Oili ya injini iliyotumika huwa ya kahawia au nyeusi na ina harufu ya kuungua. Ya usukani mara nyingi ni nyekundu. Oili ya kompresa ni nyepesi, karibu haina rangi, au ina umanjano kidogo. Ikishika vumbi hufanya doa la unyevu lenye uchafu mwembamba. Ukiona kijani king'aacho kama maji ya tunda bandia, basi kuna fundi aliyetangulia akatia rangi ya kutafutia uvujaji. Lakini rangi peke yake isikutoshe, maana oili ya kompresa iliyochoka nayo huwa nyeusi.

Mahali palipolowa panasema zaidi kuliko rangi. Oili ikiwa mbele, nyuma ya klachi na puli, na imerushwa duara kwenye vyuma vya jirani au chini ya boneti, hiyo mara nyingi ni sili ya shafti. Utando mdogo sana hapo ni wa kawaida, sili hiyo haijawahi kuwa kavu kabisa. Kinachotisha ni oili inayorushwa. Ikiwa kwenye mshono ambapo vipande viwili vya bodi vinakutana, ni gasketi au oringi ya ndani. Ikiwa pale mipira inapofungwa nyuma, ni oringi za nje, na hizo ndizo ninazokutana nazo zaidi. Magari yanayoishi Pwani yana ugonjwa wao: hewa ya chumvi hula kondensa iliyo mbele ya rejeta, na doa la oili kwenye uso wake ni ishara ya tundu hapo hapo.

Inafaa kueleza kwa nini kuna oili humo ndani. AC ni mfumo uliofungwa. Gesi huzunguka na kurudi, na hubeba oili pamoja nayo ili kompresa isijisage. Haina chombo cha oili kama cha injini chenye kijiti cha kupimia. Gari dogo lina kiasi cha mililita 100 hivi tu, mfumo mzima. Gesi ikitoka kwa tundu, oili hutoka nayo. Watu husema "gesi imeisha" kana kwamba ni mtungi wa jikoni. Gesi ya AC haitumiki ikaisha. Ikipungua sana, imevuja, na anayekujazia bila kutafuta tundu amekuuzia miezi michache ya baridi, huku kompresa ikizidi kukauka.

Sasa kwa nini magari ya Nairobi yanakuwa na sili mbovu, wakati AC yenyewe haitumiki? Ni kwa sababu hiyo hiyo. Mji huu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti watu wa Kilimani huvaa masweta, na kitufe cha AC hakiguswi. Sili ya shafti hulainishwa na oili inayobebwa na gesi. Mfumo ukilala miezi, sili hukauka na kushika umbo. Halafu Disemba, mtu anapita Mtito Andei, joto linampiga, anawasha AC kwa nguvu zote. Akifika Mombasa kompresa imelowa. Dawa yake ni rahisi: washa AC dakika 10 kila wiki, hata kwa baridi. Siku ya mvua itakukaushia ukungu wa kioo vilevile.

Ikiwa kuosha na kutazama hakukutoa jibu, ndipo vifaa viingie. Povu la sabuni huonyesha tundu kubwa, injini ikiwa imezimwa na mfumo una gesi. Kifaa cha kunusa gesi hushika tundu dogo zaidi, mradi kuwe hakuna upepo. Rangi na taa ya miale ya zambarau hufaa kwa uvujaji wa polepole: rangi hutiwa, gari huendeshwa siku kadhaa, halafu hutazamwa gizani.

Usiridhike na fundi anayekwambia "nimevuta vakyumu nusu saa, haikushuka, hakuna tundu." Ukivuta hewa yote, kinachosukuma kutoka nje ni hewa ya kawaida tu, ambayo kwa Nairobi ni kama psi 12. AC inapofanya kazi kwenye joto la Mombasa, upande wa presha ya juu hupita psi 200. Oringi inayostahimili 12 yaweza kufunguka kwa 200. Na vakyumu huvuta kwenda ndani, wakati gesi husukuma kwenda nje. Kupima kwa naitrojeni ni bora zaidi.

Dawa za kuziba tundu zinazouzwa kwenye mikebe, mimi sizitii. Huziba na mahali pasipotakiwa kuzibwa, na fundi atakayefuata huharibikiwa na mashine yake. Kumwaga gesi hewani pia ni vibaya: R134a inayotumika kwenye magari mengi hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya kaboni ya uzito ule ule, na ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za jamii hiyo. Gereji nzuri huivuta kwa mashine kabla ya kufungua mpira wowote.

Ikithibitika kompresa ndiyo mbovu, wengi hununua ya mtumba kutoka Japani, barabara ya Kirinyaga. Sina ugomvi nayo, ila zungusha shafti kwa mkono usikie kama inakwaruza, na uone kama mashimo ya mipira yamezibwa. Ikiwa yamekaa wazi rafuni, oili iliyomo imekwisha kunywa unyevu wa hewa. Badilisha na chujio la kukaushia pamoja nayo.

Kwa gari la mseto kama Toyota Aqua, soma karatasi iliyobandikwa kwenye kompresa kabla hata ya kumwita fundi. Kompresa yake haina mkanda, inazungushwa na umeme mkali wa zile nyaya za rangi ya chungwa. Inatumia oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Ile oili ya PAG inayotiwa magari mengine, hata kidogo tu, hupunguza kinga ya umeme na gari laweza kukataa kuwaka. Muulize fundi anatia oili gani, akuonyeshe mkebe. Akisema oili ni oili, chukua ufunguo wako.

Na yale maji yanayodondoka chini upande wa abiria ukiegesha pale Nyali mchana? Hayo ni unyevu wa hewa uliopozwa. Yaache yadondoke.