Namba inaanza na 075? Usikimbilie kusema ni Voda

Simu imeita mara moja tu ikakatika. Unaangalia kioo: +225 na tarakimu nyingi nyuma yake. Haraka haraka jicho linasoma +255, unasema huyu ni wa hapa hapa, ngoja nimpigie. Hapo ndipo salio linapokwenda.

+255 ni Tanzania. +225 ni Ivory Coast. Tofauti yake ni tarakimu moja tu ya katikati, na ukipiga unatozwa bei ya simu ya kimataifa. Zipo nyingine za kuchanganya: +252 ni Somalia, +257 Burundi, +265 Malawi, +235 Chad. Si kwamba kila anayepiga kutoka huko ni tapeli, watu wana ndugu na biashara kila mahali. Ila mchezo wa kubipu mara moja ili wewe urudishe simu upo dunia nzima, na una jina la Kijapani: wangiri, yaani iite mara moja halafu ukate. Kama humjui mtu wa nchi hiyo, achana nayo. Mwenye shida na wewe atapiga tena au atatuma meseji.

Kwa nini karibu nchi zote za Afrika zinaanza na 2? Dunia imegawanywa kwa kanda, na tarakimu ya kwanza ndiyo kanda. Afrika ni 2, Ulaya ni 3 na 4, Marekani na Canada wanatumia 1, India na nchi za Ghuba zinaanzia 9. Ndiyo maana majirani zetu wamepangana: Kenya 254, sisi 255, Uganda 256. Hata Zanzibar iliwahi kutengewa ya kwake, 259, lakini haikuwahi kutumika. Leo ukimpigia mtu wa Unguja ni +255 kama wa Mbeya.

Tukirudi nyumbani, namba ya simu ya mkononi ina tarakimu kumi. Ile 0 ya mwanzo ni ya kupigia ndani ya nchi tu. Ukiweka +255, 0 inatoka, zinabaki tisa. Kosa la kila siku ni kuandika +2550754... halafu mtu analalamika WhatsApp haimuoni mjomba wake. Toa hiyo 0, atatokea. Na kama una ndugu Oman au Uingereza, mwambie akusevu kwa +255, maana 0754 akiwa kule haimfikishi kwako.

Tarakimu zinazofuata 0 ndizo zinazoonyesha namba ilitolewa na mtandao gani. Vodacom ni 074, 075 na 076. Airtel ni 068, 069 na 078. Yas, ambayo wengi bado tunaiita Tigo, ina 065, 067 na 071, pamoja na 077 iliyotoka Zantel. Halotel ni 062, TTCL ni 073. Wenye 0754 na 0784 hupenda kujisifu kuwa ni wateja wa siku nyingi, na kweli wengine wamezishika tangu zilipokuwa 0744 na 0748, kabla hazijabadilishwa.

Lakini angalia neno nililotumia: ilitolewa. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na kubaki na namba yake ile ile. Kwa hiyo 075 inaweza leo kuwa iko Airtel, na 078 ikawa Halotel. Prefiksi inakwambia namba ilizaliwa wapi, haikwambii inaishi wapi. Ukiwa na dakika za mtandao mmoja tu, unaweza kushangaa kwa nini hazifanyi kazi kwa rafiki yako wa siku zote. Na unapotuma pesa, usiangalie 07 ngapi. Angalia jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Jina likiwa geni, ghairi muamala. Kurudisha pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine ni safari ndefu, hasa akiwa ameshatoa.

Namba za mezani ziko kwa maeneo: 022 Dar es Salaam, 024 Zanzibar, 026 Dodoma na jirani zake, 027 Arusha, Kilimanjaro na Tanga, 028 Mwanza na Kanda ya Ziwa. 0800 ni bure kwa anayepiga.

Sasa yule anayekupigia kwa 06 au 07 ya kawaida akisema "nakupigia kutoka huduma kwa wateja". Huyo mkatie. Huduma kwa wateja ya mitandao yote ni 100, basi. Haipigi kwa namba ya mtu binafsi, wala haikuombi PIN. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040, utaulizwa namba iliyokutumia, nawe uiandike. Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# ufuate maelekezo. Ukikuta namba usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika ukaifute, maana ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni lako.

Namba fupi za kukaa nazo kichwani: 112 polisi, 114 zimamoto, 116 huduma ya simu kwa mtoto. Hizo hazina prefiksi wala +255. Piga kama zilivyo.