Kikulacho katani kimo ndani ya zege

Mwambie fundi kwamba zege litakaa kwenye mazingira makali, atafikiria bahari, mtaro wa maji taka au sakafu ya kiwanda cha ngozi. Kwa uzi wa katani, ukali huanza siku ile ile unapochanganywa na saruji.

Mkonge uliingia Tanga mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 ikafika hai 62 tu. Nyuzi zake, yaani katani, ni imara na rahisi kupatikana, na zikichanganywa na zege huzuia nyufa kupanuka. Ndiyo maana miaka ya 1980 zilijaribiwa Afrika Mashariki kwenye mabamba na vigae vya kuezekea, mahali pa asbesto. Asbesto, tuseme kweli, saruji haikuiweza. Kilicholiwa ni mapafu ya watu.

Bamba la katani likiwa jipya hupinda kwanza kabla ya kukatika. Likipigwa jua na mvua kwa miaka kadhaa, huvunjika kama biskuti. Mtafiti Hans-Erik Gram wa Sweden alieleza sababu mwaka 1983. Maji yanayobaki kwenye vitundu vya zege yana alkali kali, pH karibu 13. Uzi wa katani nao ni fungu la seli fupi zilizoshikanishwa kwa lignini na hemiselulosi. Alkali huyeyusha gundi hiyo, uzi ukabaki vipande visivyoshika kitu. Kila zege linapolowa na kukauka, alkali mpya huufikia uzi, na chokaa hujipenyeza ndani yake na kuufanya mgumu na mwepesi kuvunjika. Joto la pwani huharakisha yote haya.

Wapo wanaoupaka uzi dawa. Mimi naona heri kuitibu saruji yenyewe: majivu ya pumba za mpunga, au pozolana ya milima ya volkano kama ya Mbeya, humeza chokaa na kupunguza alkali. Nyuzi za kioo cha kawaida pia huliwa na alkali, ndiyo maana Waingereza walikitia kioo hicho zirikonia. Nyuzi za plastiki ya polipropilini hazina habari na alkali.

Kwenye maji taka mambo hugeuka. Bakteria hugeuza gesi inayonuka mayai viza kuwa asidi ya salfa, nayo hufanya saruji kuwa jasi laini. Nyuzi za plastiki husalimika, lakini hazina tena cha kushikilia. Basi muuzaji akikusifia nyuzi kwa ajili ya karo la maji taka, muulize kwanza ni saruji gani atakayotumia.