Makhan Singh, Mpiga Chapa Aliyedai Uhuru

Sisi tulioko Mwanza, tuliozoea kuziona meli zikitia nanga zikitoka Kisumu, twajua ya kuwa ziwa hili halikuwa njia ya shehena peke yake, bali na ya mafundi pia, wakiwamo Makalasinga, ambao baadhi ya wazee wao walivuka bahari kuja kuitumikia reli. Katika kaumu hiyo alitoka mtu mmoja ambaye, ijapokuwa maskani yake yalikuwa Nairobi, dai lake lilitufikia na sisi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akawasili Nairobi mwaka 1927 kumfuata babaye, fundi aliyefanya kazi ya reli kabla ya kufungua matbaa, na humo kijana akaishika kazi ya uchapaji. Mwaka 1935, alipokabidhiwa ukatibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, aliufungua mlango wake kwa watu wa kila rangi. Na hilo, kwa rai yangu, ndilo tendo lake kubwa kuliko yote, kwani wakati huo ujira wenyewe ulipimwa kwa rangi ya ngozi, na mwajiri alistarehe maadamu Mhindi na Mwafrika hawasemi kwa kauli moja. Mwaka 1937 wanachama wakagoma karibu miezi miwili, na mishahara ikaongezwa.

Alisafiri Bara Hindi, akawekwa kizuizini na Waingereza huko nako, akarejea mwaka 1947. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda umoja wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na yeye katibu. Kisha, tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya hadhara, akadai uhuru kamili wa nchi zote za Afrika Mashariki, Tanganyika yetu ikiwamo, miaka minne kabla chama cha TANU hakijaasisiwa.

Haukupita mwezi akakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakaziacha kazi zao kwa ajili yake, mabomu ya machozi yakawatawanya, naye akahamishiwa kizuizini Lokitaung, kisha Maralal, asiachiliwe hadi Oktoba 1961.

Uhuru ulipokuja hakupewa wizara wala ubalozi. Alikaa akaandika tarehe ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1969, na akafariki Nairobi mwezi Mei 1973.