Mwezi Haupokei Amri

Mtu wa Singida, aliyezoea maziwa ya Singidani na Kindai ambayo huongezwa na mvua na kupunguzwa na jua, huenda akadhani kujaa na kupwa kwa maji ni shauri la watu wa pwani peke yao. Sivyo. Mafuta yaendeshayo magari yetu huja kwa meli, na wanaozileta meli hizo ni wafanyakazi wenzetu.

Bahari yetu hujaa na kupwa takriban mara mbili kila siku, na saa zake huchelewa kadiri ya dakika 50 siku hata siku. Mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu.

Katika milango ya mto Rufiji, maji yajaapo huurudisha nyuma mkondo wa mto. Yapwapo, mto na bahari hushuka pamoja kwa kasi, na upepo ukiyakabili, mawimbi huinuka juu ya mafungu ya mchanga. Kwa hiyo nahodha mwenye busara huingia maji yangali yakijaa. Akigusa fungu, maji yatamwinua. Akigusa yaanzapo kupwa, atapwelewa, na chombo chenye shehena nzito chaweza kulala ubavu. Akikwama kwenye kilele cha bamvua, huenda akangoja bamvua nyingine, yapata majuma mawili.

Historia yashuhudia. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha ikajificha Rufiji. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa kina. Ililazimu kuleta Severn na Mersey, zilizoundwa kwa maji haba, ndipo Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai, 1915. Nguvu ya mizinga ilikuwa imezuiliwa na mchanga kwa miezi mingi.

Tena mafungu huhama baada ya mafuriko. Njia ya mwaka jana si lazima iwe njia ya leo. Sharti kina kipimwe.

Basi mwenye chombo asimshurutishe nahodha kung'oa nanga kwa sababu tu shehena imechelewa. Amri ya ofisini haiongezi kina hata shubiri moja. Saa sita za kungoja maji hulipika; roho ya baharia hailipiki.